Safisha njia za maji za MX-5 kabla ya Desemba

Mvua za Dodoma huanza Desemba, na kufikia hapo vumbi la kiangazi na vijani vya mwarobaini vimeshashindiliana kwenye njia za maji za Mazda MX-5, gari la paa la turubai; njia hizo hutoa maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye turubai. Fungua turubai nusu, mulika tochi nyuma ya mkanda wa kila kiti. Tundu liko pale chini. Toa uchafu kwa vidole kwanza. Kisha pitisha taratibu uzi mnene wa mashine ya kukatia nyasi, ncha yake umeiyeyusha iwe butu. Upepo wa kompresa, tafadhali sana, usiutumie: unaweza kuchomoa mpira wa njia ya maji, maji yakaishia chini ya zulia na bodi ikaliwa na kutu kwa ndani. Mimina nusu lita ya maji kwenye tundu la kila upande. Yatoke chini, mbele ya tairi la nyuma.