Tulivyoacha kutapisha vyoo mlimani kwetu

Naishi kwenye mlima wa mawe Igogo, Mwanza. Huku ukichimba choo, hujafika mbali unagonga jabali. Mashimo yakiwa mafupi hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka halipandi. Basi mvua ikikolea usiku, unasikia mtaimbo unagonga ukuta wa shimo: mtu anatapisha, yaani anatoboa shimo la choo lijimwage. Kinyesi kinashuka na maji ya mvua milangoni mwa watu mpaka Ziwa Victoria, ziwa hilohilo tunalopata maji ya bomba, na huko kinarutubisha magugu maji. Wenzetu wa Mabatini wao wanaupelekea Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji. Nimewahi kuuguza mtoto wa kipindupindu. Jambo hili linaniuma.

Mamlaka ya maji ilipoleta mfumo rahisi wa majitaka, mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na kushuka kwa mteremko bila pampu, nilijiandikisha mapema. Lakini bomba letu lilipaswa kupita uani kwa mzee mmoja wa chini yetu, naye akakataa katakata. Nikaenda na mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, tukamwamkia, tukakaa. Mzee akauliza, "Likiziba, mavi yenu nitazoa mimi?"

Alikuwa na haki kuuliza. Ahadi ya mdomo isingetosha, kwa hiyo tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa: nyumba za juu zina zamu ya kukagua chemba, na fundi akihitajika tunachanga sisi. Mzee akasaini.

Na kweli bomba liliziba. Fundi alipovuta waya, kikatoka kipande cha kanga kilichoshikana na mchanga, ule tunaosugulia masufuria. Tangu hapo mchanga hauingii karoni, na kwenye tundu la karo tumeweka wavu. Jambo jingine ni maji: choo hiki hakivumilii ubahili wa kopo moja. Maji ya kufulia hatuyamwagi tena, tunayaweka kwenye ndoo kando ya choo, hata siku za mgao uchafu unasukumwa.

Zimebaki nyumba za juu kabisa, ambazo wenyewe hawakai Mwanza na kodi wanatumiwa kwa simu. Wapangaji hawawezi kuunganisha bomba kwenye nyumba ya mtu. Hao wenye nyumba ndio ninaowapigia sasa, mmoja mmoja, na wawili wamekubali fundi aje kupima kabla ya masika.