Shati la Baba na Robota la Kibuye

Baba alifuma nguo kiwandani hapa Kisumu. Shati lake la kazi bado ninalo. Miaka ya 1990 masharti ya mikopo ya IMF na Benki ya Dunia yalitaka soko lifunguliwe. Mitumba ikaingia kwa marobota, kiwanda kikafungwa. (Usimamizi mbovu wetu pia ulichangia, siufichi.)

Leo nauza mitumba soko la Kibuye, hapa hapa Kisumu, nayo ndiyo inayosomesha wanangu. Kwa hiyo mwaka 2016, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua, nilipata hofu na furaha pamoja. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakaitaka serikali yao ipitie upya nafasi ya nchi zetu kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma upesi. Rwanda ikashikilia msimamo. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo.

Nchi nzima kuadhibiwa kwa kutaka kujishonea nguo! Hilo linaniuma hadi leo. Kila alfajiri nikikata mikanda ya robota, mikono yangu hutafuta kwanza mashati ya pamba.