Basi Wanachunguza Nini?

Mama yangu hawezi kutazama maiti ikipasuliwa, hata akijua kwamba aliyelala pale mezani ni mwigizaji aliyelipwa ili asipumue. Usiku mmoja tulikuwa tukitazama Da Vinci's Inquest, na mara tu taa nyeupe za mochari zilipowaka aliinuka, akaenda jikoni kuteleka chai, kisha akauliza kutoka huko huko, "Ameshajulikana aliyemuua?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyemuua, kijana mwenyewe alijidunga heroini kali kuliko aliyoizoea. Akatokeza mlangoni na kijiko cha majani ya chai mkononi. "Basi wanachunguza nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, lakini naona kwamba swali hilo limebeba karibu kila kitu kinachonivutia katika tamthilia hii. Ilianza kuoneshwa mwezi wa Oktoba 1998 na CBC, shirika la utangazaji la taifa la Kanada, ikaendelea kwa misimu saba hadi 2005, vipindi 91 kwa jumla. Aliyeibuni ni Chris Haddock, na mhusika wake mkuu, Dominic Da Vinci, anaigizwa na Nicholas Campbell: mtu aliyewahi kuwa polisi wa siri, aliyeachana na mke wake ambaye bado anakutana naye kazini kwa sababu ni daktari wa patholojia, anayepambana na pombe na si kila siku anashinda. Kazi yake ni kuchunguza vifo vya mashaka katika jiji la Vancouver. Kazi hiyo ina jina la mkato kwa Kiingereza, coroner, lakini mtu akiandika "korona" siku hizi msomaji atakimbilia barakoa, kwa hiyo mimi nitaendelea kusema mchunguzi wa vifo.

Katika jimbo la British Columbia, mchunguzi wa vifo si lazima awe daktari. Kupasua maiti ni kazi ya mwanapatholojia. Kumtafuta mhalifu ni kazi ya polisi. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Yeye amebakiwa na maswali ambayo ukiyasoma haraka unayaona mepesi mno: marehemu ni nani, alifariki lini, wapi, vipi na kwa njia gani. Mwishoni hukiweka kifo katika fungu moja kati ya matano, yaani kifo cha maradhi au uzee, ajali, kujiua, kuuawa, au kisichobainika. Sheria haimruhusu kumtia mtu hatiani. Anachoweza kufanya ni kuitisha kikao cha wazi mbele ya raia wachache wa kawaida, wakasikiliza ushahidi, wakatoa mapendekezo ili mwingine asife kifo kama hicho, na mapendekezo yenyewe hayamfungi mtu yeyote kuyatekeleza.

Mtu asiyeweza kumkamata yeyote si shujaa wa kawaida wa tamthilia ya uhalifu. Tumezoea hadithi inayofungwa kwa pingu: muuaji anapatikana, tunapumua, tunazima runinga. Da Vinci hana pingu. Mahabusu akifia seli, swali lake haliishii kwa aliyemgusa mwisho, bali linapanda ngazi kwa ngazi: nani alikuwa zamu, kwa nini hakupita kuangalia, nani aliamua kwamba mtu mmoja atoshe kuangalia seli zote, na uamuzi huo uliandikwa na ofisi gani. Kadiri anavyopanda ndivyo anavyowaudhi wakubwa, na ndivyo mtazamaji anavyogundua kwamba muuaji anayetafutwa huenda ni fomu iliyotiwa saini miaka mitatu iliyopita na mtu mpole ambaye sasa amestaafu.

Halafu kuna namna inavyosimuliwa, ambayo mwanzoni ilinichosha na baadaye ikanifanya nizione tamthilia nyingine kama maigizo ya shule. Watu wanadakizana. Mmoja anaanza sentensi, mwenzake anaimalizia vibaya, wa kwanza hajali kumsahihisha. Wapelelezi wanatoka mochari, wanateremka ngazi, wanavuka maegesho katika mvua ile ya Vancouver isiyonyesha kwa nguvu wala isiyoacha, na muda wote wanabishana juu ya chakula cha mchana, na kati ya maneno mawili ya chakula linaponyoka neno moja la kesi, ambalo usipolisikia umeachwa nyuma. Da Vinci anachuchumaa kichochoroni kando ya maiti akiwa na koti lake refu, anatazama viatu, anatazama mikono, anaongea na simu, na sauti yake haibadiliki kana kwamba anangoja fundi wa bomba. Hakuna muziki wa kutuambia tulie. Kesi moja huanza leo, ikapotea, ikarudi baada ya wiki kadhaa kwa sentensi moja tu ya kupita, na nyingine hazirudi kabisa.

Mandhari ya mengi ya hayo ni mtaa wa Downtown Eastside, ambao ni wa kweli, na hali yake miaka ile ilikuwa mbaya kuliko ilivyoigizwa. Mwaka 1997 mamlaka ya afya ya Vancouver ilitangaza hali ya dharura mtaani humo kwa sababu ya kuenea kwa virusi vya UKIMWI miongoni mwa waliokuwa wakijidunga, na mwaka 1998, mwaka tamthilia ilipoanza, karibu watu 400 walifariki katika jimbo zima kwa kuzidisha dawa za kulevya. Mimi ni mtu wa Mombasa. Sikuhitaji mtu wa kunieleza maskani ya wanaojidunga ni nini, wala jinsi teja anavyosinzia akiwa amesimama huku magoti yakikunjika polepole bila yeye kuanguka. Kilichonishtua ni kuona vifo vyao vikifuatiliwa mmoja mmoja, kwa jina, na mtu anayelipwa mshahara wa serikali. Kwetu pwani methadoni, dawa ya kuwasaidia watu kuacha heroini, ilianza kutolewa Malindi mwaka 2015, na hata baada ya hapo teja akikutwa amekufa ufukweni, mazungumzo ya mtaa humalizika kwa "dawa zimemmaliza", kisha watu wanaulizana bei ya samaki.

Nyuma ya Da Vinci kuna mtu halisi, Larry Campbell, aliyekuwa polisi, kisha mchunguzi wa vifo wa Vancouver, kisha mchunguzi mkuu wa jimbo. Mwaka 2002 aligombea umeya wa Vancouver akashinda, na Septemba 2003 kikafunguliwa katika barabara ya East Hastings kituo cha Insite, cha kwanza kilichoruhusiwa kisheria Amerika Kaskazini, ambapo mtu hujidunga dawa zake mwenyewe mbele ya muuguzi aliye tayari kumwokoa. Kwenye runinga Da Vinci alikuwa akikipigania kituo cha namna hiyo. Serikali kuu ilipotaka kukifunga, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 2011, majaji wote tisa wakikubaliana, kwamba kibaki wazi. Sidai kwamba tamthilia ilileta haya, lakini wapiga kura wa jiji lile walikuwa wamekaa miaka minne sebuleni na mtu anayewasomea sababu za vifo.

Jambo zito zaidi ni wanawake waliopotea. Tamthilia ilianza na simulizi la wanawake wa mtaa huo huo ambao vifo vyao havikumshughulisha mtu, wakati ambapo mitaani kwenyewe familia zilikuwa zikiwalilia mabinti zao, wengi wao wa asili ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile, na polisi hawakuwa wakiwasikiliza. Mtu mmoja, Robert Pickton, alikamatwa mwaka 2002, akahukumiwa 2007 kwa mauaji ya wanawake sita miongoni mwao, ingawa alikuwa ameshtakiwa kwa mauaji ya 26. Nilipoyajua hayo nilirudia vipindi vya mwanzo, na sikuweza kuvitazama viwili kwa mkupuo.

Kasoro zipo. Da Vinci huhubiri, na mara nyingine anapohubiri waandishi husahau kumpa mpinzani mwenye akili. Baadhi ya mapenzi ya kazini yangeweza kuachwa yote bila kesi moja kuharibika.

Kenya kazi hii hufanywa na hakimu. Uchunguzi wa kifo cha mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, aliyejeruhiwa nyumbani kwao wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, ulisikilizwa mahakamani, na uamuzi wake wa Februari 2019 uliwanyoshea kidole polisi. Mwaka huo huo wa 2017 ilipitishwa sheria ya kuunda idara ya wachunguzi wa vifo. Niliposoma habari hiyo nilimwita mama nikamwambia kwamba sasa na sisi tutakuwa na wetu, naye akauliza kama atakuwa na gari.

Baada ya msimu wa saba tamthilia iligeuka kuwa Da Vinci's City Hall, naye Da Vinci akawa meya. Ilidumu vipindi 13 tu, kati ya 2005 na 2006. Mimi niliitazama yote kwa uaminifu. Mama, ambaye safari hii hakuwa na maiti ya kukimbia, alikaa nusu saa ya kipindi cha kwanza, akamwona akiingia mkutanoni na watu wakisimama, kisha akavaa ndara zake. "Huyu sasa ni mheshimiwa," akasema. "Hao tunao."