Usiku wa Kuvusha Maji

Mvua za El Niño, mwaka 1998, zilitukuta na bomba la zege lililokwisha kuliwa kwa ndani. Nilikuwa fundi msaidizi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji mmoja wa bara. Ile gesi inayonuka mayai viza hupanda juu ndani ya bomba, ikikutana na unyevu wa dari hugeuka asidi, na zege huanza kumeguka kama kiporo cha ugali. Mchana ule udongo uliolowa ulielemea, sehemu ya bomba ikadidimia kati ya chemba ya mwisho na bwawa la kwanza.

Hadi jioni majitaka yalikuwa yakibubujika kwenye mfuniko wa chemba na kuteremkia mtoni. Kule chini kulikuwa na bustani za mchicha. Akina mama wake niliwajua kwa sauti, walipita langoni kwetu kila alfajiri na matenga yao. Mtu akaniambia mto umejaa, uchafu utazimuliwa tu. Sikukubali, na hadi leo sikubali. Mwaka uliotangulia nchi ilikuwa imeteswa na kipindupindu.

Fundi mkuu, mzee mpole, akaamua tuvushe maji: pampu mbili za dizeli kwenye chemba ya nyuma, hosi zizunguke shimo zikamwage bwawani. Pampu ya tatu ikae akiba. Hosi tuliziunganisha upesi. Zilipokatiza njia ya malori tukachimba mtaro na kuzifunika kwa mbao.

Kuziba mdomo wa bomba ndiko kulikotutoa jasho. Siku za kawaida, saa nane usiku mji umelala na maji huwa machache. Mvua ikinyesha hakuna usiku, maana watu wameunganisha mifereji ya mapaa yao humohumo. Tukangoja.

Ilipokaribia saa tisa mvua ikakatika. Nikasema niingie na puto la mpira la kuzibia bomba, nifungwe kamba kiunoni. Mzee akanishika mkono.

“Mwanangu, usipoisikia tena ile harufu, usidhani imekwisha. Imeshakuua pua. Haingii mtu humu.”

Tukalisukuma puto kutoka juu kwa mirunda miwili, likikwama na kupinduka, karibu saa nzima. Lilipoingia tukalijaza upepo, tukashusha na mifuko ya mchanga. Pampu ya kwanza ikanguruma bila kuvuta kitu; tukaimiminia maji kwa ndoo, moja baada ya nyingine, hadi hosi ikashtuka, ikavimba, ikajinyoosha matopeni. Mzee akapiga magoti, akalaza kiganja juu yake asikilize kama kuna hewa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, tukawasha ya pili.

Kulipopambazuka mfuniko wa chemba ulikuwa umekauka pembeni. Mama mmoja akasimama langoni na tenga tupu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Maji ya mto vipi, mwanangu, nimwagilie?”

“Leo bado, mama. Na mchicha uliolowa jana usiuchume.”

Akaliweka tenga chini, akakaa juu ya jiwe, akawa anazitazama hosi.