Siku moja maishani mwangu: zamu ya asubuhi kwenye boila

Saa 11 alfajiri niko kwenye daladala ya kwanza kutoka Mbagala, kichwa nimekiegemeza dirishani. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha juisi na soda hapa Dar es Salaam, ila juisi yenyewe siioni. Kazi yangu ni mvuke: naendesha boila, mtambo unaochemsha maji yawe mvuke wa kupashia juisi.

Saa 12 napokea zamu. Jamaa wa usiku anasema maji ni magumu leo, kwa hiyo naanza na chumvi kwenye tangi la kulainishia. Ukilizembea hilo, mabomba ya boila yanaota magamba kama birika la mama lishe.

Saa 1 nawasha boila la pili. Feni inavuma kwanza kufukuza gesi iliyobaki tumboni, ndipo cheche inapiga. Kwenye kidirisha mwali unatulia, bluu. Wazee waliochoma mafuta mazito wanasema enzi zao ukipenga kamasi jioni, ni masizi matupu. Gesi yetu ni ya Songo Songo, Kilwa: iligunduliwa 1974, viwanda vya Dar vikaanza kuichoma 2004. Miaka 30!

Saa 3 juisi ya embe inaanza kupashwa, karibu nyuzi 90. Simu: "Kaka, mvuke!" Hakuna aliyewahi kunipigia kusema mvuke umetosha.

Saa 5 kasoro, boila linazima lenyewe. Mshale wa geji ya presha ya mvuke ulikuwa kwenye 8. Nauona unateremka, 7, 6, na simu hazikatiki. Presha ya gesi inayoingia ni ndogo. Kijana wa fildi, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, keshapiga magoti ananusa sakafu.
"Unatafuta nini huko chini?"
"Uvujaji, fundi."
"Ya mtungi ndiyo hutambaa chini. Hii ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Nusa juu."
Tunapaka povu la sabuni kwenye maungio, hakuna kinachotoa mapovu. Kumbe ni chujio limeziba. Tunafunga valvu, tunabadilisha, tunatoa hewa iliyoingia kwenye bomba. Dakika 40, na embe lote lililokuwa kwenye mabomba likamwagwa. Meneja uzalishaji hakunisalimia tena.

Saa 7, wali maharage. Rafiki yangu wa kiwanda cha chai Kericho katuma picha ya rundo la kuni za mikaratusi, refu kuliko lori. Chai yao inakaushwa kwa hizo. Kijana anauliza kama Ulaya wao hawana shida. Namsimulia Septemba 2021: bei ya gesi ilipopaa Uingereza, viwanda viwili vya mbolea, ambayo hutengenezwa kwa gesi, vikasimama, na hewa ya ukaa ya kutia kwenye soda na bia ilikuwa ikitoka humo humo. Hata machinjio ya kuku yalihaha, maana huitumia hiyo hiyo kuwapoteza kuku fahamu kabla ya kuwachinja.

Saa 8 nakabidhi zamu, naandika lile chujio kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Saa 10 nafika nyumbani. Mtungi uliisha juzi. Mke wangu yuko uani, anapepea mkaa.