Kumbukumbu ya mradi: bunduki ya mbao ya kumpimia mpwa wangu

Jumamosi, karakana, Nyakato

Mpwa wangu, binti wa dada, amepata kazi ya ulinzi kwenye kampuni binafsi hapa Mwanza na sasa yuko mafunzo ya silaha. Urefu wake ni sentimita 152, tena akiwa na buti. Shotigani za pale kazini ni geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipanda mtutu unakuwa mwembamba) za kukoki kwa mkono, zote saizi moja, na akiishika utadhani kakabidhiwa mwiko wa pilau la harusi. Kitako kinampita bega, mkono wa kushoto umenyooka hadi kiwiko kimekakamaa, mgongo umepinda kwenda nyuma.

Mkufunzi wao ni askari mstaafu, wote wanamwita Afande. Alikuja kuniuliza kama naweza kukata kitako kimoja kwa msumeno, "si mbao tu, fundi?" Ni mbao kweli, lakini ni mbao ya silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na mimi ni seremala wa vitanda na milango. Kazi ya kugusa bunduki ni ya fundi mwenye leseni yake. Nikamwambia nitamsaidia kwa njia nyingine: nitatengeneza bunduki ya mbao, isiyofyatua chochote, ambayo kila kipimo chake kinasogea. Mafundi wa bunduki wa Uingereza wana kifaa cha namna hiyo tangu zamani. Wanampimia mteja kwanza, kitako kinachongwa baadaye.

Mwili wa kifaa ni paini. Kitako ni kipande cha mninga kilichobaki kwenye kabati la mtu. Nimekitoboa mfereji mrefu, kinateleza juu ya bolti mbili na kukazwa kwa nati za mabawa, kwa hiyo kinarefuka na kufupika. Mwisho wa kitako nimefunga kibao kwa bawaba ya dirisha ili pembe yake ibadilike. Triga ni msumari niliokunja. Mtutu ni bomba la plastiki.

Kisha nikakipaka chote rangi ya njano kali, hata chini ya kitako. Kifaa hiki kitapanda daladala kutoka Nyakato kwenda kwao Igoma, na sitaki abiria wala askari wa barabarani aone kitu chenye umbo la bunduki akaanza kuwaza. Bado nitakifunga kwenye kiroba.

Jumapili, baada ya ibada

Amekuja. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama, ingia, weka mkoba hapo." Shangazi yake akaleta chai, tukaanza.

Wengi hupima urefu wa kitako kwa kukiweka kwenye kikunjo cha kiwiko na kuangalia kama kidole kinafika kwenye triga. Kipimo hicho kinakwambia habari za mkono tu. Shingo, kifua na bega havimo. Nilichofanya ni kumwambia afumbe macho, ainue kifaa begani kama alivyofundishwa, kisha afumbue. Hapo naangalia nafasi kati ya pua na kidole gumba cha mkono unaoshika triga. Inatakiwa vidole viwili hivi. Ikiwa finyu, gumba litampiga puani siku atakapofyatua. Ikiwa pana sana, anaivutia shingo mbele kuifuata bunduki.

Tulianza na inchi 14, ambayo ni takriban sentimita 35.5, karibu na urefu wa vitako vya kiwandani vya watu wazima, kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Kitako kilimnasa kwapani kabla hakijafika begani. Nikalegeza nati, nikashusha kidogo kidogo. Kwenye inchi 12 na nusu, karibu sentimita 32, kifaa kilipanda begani bila kugusa nguo na shavu likakaa mahali pake. Nikamvalisha koti langu zito kuiga jaketi la kuzuia risasi. Likambana tena. Kwa hiyo kama kituo atakachopangiwa kinavaa majaketi hayo, unene wake utolewe kwenye kitako. Kwa joto la Mwanza nguo ya kawaida haiongezi kitu cha kuhesabu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mkono wa mbele. Bunduki ya kukoki ina kishikio kinachovutwa nyuma na kurudishwa mbele hadi mwisho, na kisipofika mwisho ganda linakwama. Mtu mwenye mikono mifupi na kitako kirefu hafiki mwisho, halafu analaumiwa kwamba anaogopa silaha. Kitako kilipofupishwa kishikio nacho kilimsogelea, na akaanza kukoki kwa nguvu ya kiwiko kilichokunjika, si kwa ncha za vidole.

Akalalamika kitu kimoja: "Mjomba, hii kona ya chini inanichoma." Kweli, ncha ya chini ya kitako ilikuwa inamkaa juu ya titi. Vitako vingi vimechongwa kwa kifua cha mwanaume. Nikaigeuza bawaba nyuzi chache ili ncha ya chini iingie ndani, nikaikaza. Malalamiko yakaisha hapo hapo.

Jicho

Hili nalipa kichwa chake kwa sababu lilitaka kuharibu kila kitu. Nilimwambia anyooshe mikono, akutanishe viganja abakize kitundu kidogo katikati, aangalie kupitia kitundu hicho taa ya duka la ng'ambo kwa macho yote mawili, kisha afumbe jicho moja moja. Alipofumba la kushoto taa ikapotea. Jicho linalotawala ni la kushoto, wakati anaandika, anakata mboga na kufyatua kwa kulia.

Kwa bastola na bunduki za kulenga polepole hilo lina dawa zake. Kwa shotigani mtu anaangalia anachokilenga kwa macho yote mawili wazi, na jicho linalotawala ndilo linalouelekeza mtutu. Likiwa upande usio wa bunduki, kila kitu kinakwenda pembeni na mwenyewe haelewi kwa nini. Njia ni kufumba jicho hilo kila mara, au kuhamia bega la kushoto. Yeye bado mwanafunzi, hana mazoea ya miaka ya kuyavunja. Nikamwomba ajaribu kushoto. Siku ya kwanza mikono iligongana, lakini ameondoka na kifaa chake kwenye kiroba, anafanyia mazoezi chumbani.

Katikati ya wiki

Uzito. Nimeazima mzani wa kuning'iniza kwa jirani anayeuza sangara, kifaa kitupu kina kilo moja na ushee. Nimekata vipande vya nondo vinavyoingia kwenye bomba, na vingine kwenye tundu nililochimba ndani ya kitako. Sasa naweza kukipeleka hadi kilo tatu na zaidi, na kuchagua uzito ukae wapi.

Ushauri ambao kila mtu anampa mtu mdogo ni "mtafutie kadogo, kepesi." Siukubali. Bunduki nyepesi ni tamu kubeba na chungu kufyatua, kwa sababu risasi ile ile inaisukuma nyuma kwa kasi zaidi. Fundi Mwingereza W. W. Greener aliacha kanuni ambayo bado inatumika: bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa vipunje, yaani vigololi vilivyomo ndani ya risasi, inavyovirusha. Vipunje vya gramu 28 vinataka bunduki ya kilo 2.7 hivi. Vya gramu 36 vinataka karibu kilo tatu na nusu. Ile shotigani ya mtutu mmoja ya kukunja, nyepesi, ambayo wazee wengi huwapa vijana "waanzie," ukiitia risasi nzito ya geji 12 inampiga bega hata mwanaume wa miraba minne. Na ile nyembamba ya .410 (mtutu wa inchi 0.410) haipigi bega, sawa, lakini inarusha vipunje vichache, mara nyingi gramu 14 tu au zaidi kidogo, hivyo kukosa ni rahisi na anayeanza anakata tamaa. Hiyo ni ya mjuzi.

Kwa mpwa wangu kilo tatu zinabebeka, mradi haziko mbele. Nilipojaza nondo mdomoni mwa bomba alianza tena kuegemea nyuma. Nilipozisogeza katikati ya mikono miwili akasimama mbele, uzito kwenye mguu wa mbele, pua juu ya vidole vya mguu. Uzito ni ule ule.

Ijumaa, na Afande

Nilikuwa nimeshaamua kupendekeza geji 20. Kwa mtu anayejinunulia bunduki yake mwenyewe, mwili mdogo, ningesema geji 20 bila kusita: mwili wa bunduki ni mwembamba, risasi ya gramu 24 inatosha kazi nyingi, na kuna aina za kukoki zinazotoka kiwandani na kitako kifupi, kama Mossberg 500 Bantam na Remington 870 ya vijana, ambazo ziko kwenye inchi 13 au chini yake.

Afande akaweka kikombe chini. "Stoo yangu yote ni geji 12, fundi. Unataka niingize ganda la 20 humo?"

Hapo alinishinda. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kidogo. Ukiitumbukiza kwenye geji 12 haikai mahali pake, inateleza na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mtu anaona chemba, yaani mahali risasi inapokaa, iko tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa desturi hutengenezwa ya njano. Lakini usiku, kwenye zamu ya kupokezana, nani anaangalia rangi? Kwa stoo ya pamoja geji moja ndiyo salama.

Tukakubaliana hivi: geji 12 ya kukoki, kilo tatu hivi, mtutu mfupi, kitako cha inchi 12 na nusu pamoja na mpira mnene wa nyuma, pembe ile ya bawaba yangu. Kitufe cha usalama kiwe juu, nyuma ya chemba, kama kilivyo kwenye Mossberg 500, kwa sababu sasa anatumia bega la kushoto na kitufe cha pembeni ya triga kimetengenezwa kwa mtu wa kulia. Maganda yatarukia kulia, mbele ya uso, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima. Mazoezi yaanze na risasi nyepesi za gramu 24, zile nzito za kazi zije baadaye na chache. Na masikio yazibwe mara mbili, vizibo vya ndani na vya nje. Mlio wa shotigani unapita desibeli 150, na mwanafunzi mwingi anayesemwa anaogopa kupigwa bega kwa kweli anaogopa mlio.

Fundi wa silaha wa kampuni amepewa karatasi ya vipimo. Nimemchorea kwa milimita, pande mbili.

Inayofuata

Kitako kimoja cha mbao kinatosha mtu mmoja. Afande ana walinzi wengine wafupi, na mmoja mrefu kupita kiasi ambaye naye kitako cha kiwandani hakimfai. Nitaongeza mfereji ufike hadi inchi 15 na nusu, na pa kuegemeza shavu pawe pa kupanda na kushuka badala ya maboksi niliyokuwa nabandika kwa gundi. Bawaba ya dirisha imeanza kulegea, nahitaji ya chuma kizito. Kama kuna mwenye bawaba za mlango wa gari chakavu hapa Mwanza, nanunua.