Mkaa kwenye chupa

Vipande vya mti tulivipanda chupani jioni ili viwe miche, na asubuhi chakula chao, rojo la virutubisho, kilikuwa kimeshabadilika rangi. Kila kipande cha shina la Prunus africana, mti wa dawa wa Afrika, kilikuwa kimezungukwa na duara la hudhurungi, kama chai iliyokolea, likitambaa ndani ya agari, ute wa mwani unaokigandisha chakula.

Hapakuwa na uchafu. Vipande vilipitishwa kwenye ethanoli ya asilimia 70, vikalowekwa kwenye jiki, vikasuuzwa kwa maji yaliyotakaswa. Chakula chenyewe, kile cha Murashige na Skoog cha mwaka 1962, kilipikwa kwenye autoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu, kwa nyuzi 121. Tatizo lilikuwa mti wenyewe. Ukiukata, fenoli, kemikali zake za kujikinga, huvuja kwenye jeraha, zikikutana na oksijeni hugeuka sumu kwa kipande kilekile kilichozitoa. Kinga yake ya porini ndiyo inayoumaliza chupani.

Na kuuacha hatukutaka. Magome yake huuzwa Ulaya kwa dawa za uvimbe wa tezi dume, na miti mingi imechunwa hadi ikakauka ingali imesimama. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, iliuingiza mwaka 1995 kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambao biashara yao hudhibitiwa. Mbegu nazo hazihifadhiki. Zikikauka sana hazioti tena.

Mama aliyetusimamia maabara akasema tuvihamishie vipande kwenye chakula kipya mara kwa mara, tena tuviweke gizani, maana mwanga huchochea ule weusi. Mimi nilitaka unga wa mkaa, unyonye fenoli.

"Utanyonya na homoni, mwanangu," akasema, macho yake kwenye mizani.

"Lakini Mama, tukifungua chupa kila mara si tunaita ukungu?"

Hakukubali, nami sikukubali. Tukagawana: rafu ya juu yake, ya chini yangu.

Vipande vyangu vilibaki vya kijani, vizima kabisa, na vimelala. BAP, homoni ya kuamsha machipukizi, ilikuwa imenaswa na mkaa. Vyake viliamka: chipukizi mbili tatu kwenye kifundo kimoja, zenye vijani vilivyochongoka pembeni. Ila chupa zake nyingi ziliota manyoya meupe ya ukungu, zikarudishwa kwenye autoklevu kuuawa. Kuziosha akanipa mimi, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Tukaishia kuhamisha vipande wiki za mwanzo tu, kwa kuwa jeraha likipona fenoli hupungua, na kufungua chupa kukapungua nako. Mkaa ulipata kazi kwenye hatua ya mizizi, ambako giza lake linafaa. Chipukizi tulilichovya kwanza kitako kwenye IBA, homoni ya mizizi, ndipo tukalipanda kwenye chakula cheusi kisicho na homoni yoyote, mkaa ukose cha kuiba. Wazo hilo nalo lilikuwa la Mama.